Shajara ya mradi: kabureta ya 28 kwenye injini ya CG iliyopanuliwa hadi cc 149

Jumamosi: imewaka, haijatulia

Injini iko kwenye fremu, oili imo, na leo mchana imewaka kwa kiki. Imewaka tu, kutulia bado. Ukitoa choki inazima. Ukirudisha choki inanguruma na kutoa moshi mweusi unaowasha macho. Ukivuta mafuta taratibu inapanda. Ukivuta ghafla inakata, inakohoa kupitia kabureta, halafu ndipo inashtuka na kutaka kukutupa.

Kwa wanaoanza kufuatilia hapa: hii ni injini ya ukoo wa Honda CG125, ile ambayo valvu zake zinasukumwa kwa vijiti kutoka chini. Honda waliitoa mwaka 1976, na viwanda vya China vimeinakili mpaka leo ndiyo inayobeba bodaboda nyingi unazopishana nazo barabarani. Ndiyo sababu tuliichagua. Spea zake ziko kila kona ya Arusha, na fundi yeyote wa pikipiki anaifungua huku anapiga soga. Bloku ya asili ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, yaani cc 124. Sisi tumeweka bloku ya 62 kwa mwendo uleule, tukapata cc 149. Mdomo wa krankesi ilibidi ukerezwe ili sleevu mpya iingie. Kazi hiyo ilikwisha mwezi uliopita na sina la kuongeza.

Fremu ni ya pikipiki ndogo ya matope, mali ya mpwa wangu. Boksi la filta halikupata nafasi, kwa hiyo tumefunga filta ya koni. Ekzosi ni ya wazi kuliko ya asili. Mabadiliko yote matatu, yaani bloku, filta na ekzosi, yanaongeza hewa inayopita, na kabureta ndiyo inayotakiwa kuleta petroli ya kulingana na hewa hiyo.

Sasa kabureta yenyewe. Mimi nilitaka ya 26, yaani yenye mdomo wa milimita 26. Mpwa akaja na nakala ya Keihin PWK ya 28.

"Mjomba, ya 28 ndiyo inavuta."

"Inavuta nini, na injini yenyewe ni cc 149?"

Alikuwa ameshainunua, kwa hiyo mjadala uliishia hapo. Lakini msimamo wangu nauandika: kwa injini hii, 28 ni mdomo mkubwa. Jaribu kunyonya soda kwa mrija mwembamba, kisha kwa bomba la bustani, utanielewa. Hewa ikipita kwenye tundu pana inapita polepole, na ikipita polepole inakuwa na nguvu ndogo ya kunyonya petroli kutoka kwenye jeti, yaani kile kipande cha shaba chenye tundu la kupimia petroli. Ukiwa kasi kubwa hutaona shida. Shida iko chini, hasa unapofungua ghafla: slaidi (kile kizibo kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta) inapanda, mdomo unakuwa wazi wote, mvuto unaanguka, petroli inachelewa. PWK haina pampu ya kurushia petroli ya ziada wakati huo. Kwa hiyo nafahamu tangu leo kwamba vita vyetu vitakuwa kwenye kule kukata, na jeti kubwa peke yake haitavimaliza.

Kabureta imekuja na jeti kubwa iliyopigwa muhuri wa 125, jeti ndogo ya 42, na klipu ya sindano (ile inayoning'inia kwenye slaidi na kubana petroli) kwenye mfereji wa katikati.

Jumapili: kabla ya kugusa kabureta

Fundi wa jirani, mzee aliyeanza kazi enzi za Yamaha za maofisa kilimo, alipita akasikia mlio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmeshapima valvu?"

Hilo tu, akaendelea na safari yake ya kanisani. Na ndilo swali la kwanza. Valvu iliyobana, moto dhaifu na hewa inayoingia njia ya panya, vyote vinaweza kujifanya ugonjwa wa kabureta. Ukianza kubadilisha jeti wakati mojawapo lipo, utakuwa unatibu kivuli.

Injini ikiwa baridi kabisa nilizungusha sumaku mpaka alama ya T ikalingana na alama ya krankesi, vijiti vyote viwili vikiwa legevu ili niwe na hakika pistoni iko juu kwenye mkandamizo. Nafasi ya valvu za Honda CG ni milimita 0.08. Ya kuingiza ilikuwa sawa. Ya kutolea moshi ilibana kiasi kwamba hata filageji (kibamba cha kupimia nafasi) ya 0.05 haikupita. Nimeirekebisha. Plagi ni NGK D8EA, mpya, mwanya wa 0.7. Moto ni wa bluu na unaruka kwa sauti.

Halafu manifoldi, ile njia inayounganisha kabureta na kichwa cha silinda. Nilinyunyiza maji ya sabuni kuzunguka maungio huku injini ikiunguruma kwa choki. Kwenye mpira wa kabureta, hakuna kitu. Kwenye flenji inayoshika kichwa cha silinda, mapovu yalimezwa na mlio ukabadilika palepale. Wapo wanaotumia brashi yenye petroli kwa kipimo hiki. Pembeni ya ekzosi ya moto mimi siwezi kukishauri. Flenji ilikuwa imepinda. Nililaza msasa wa 400 juu ya kipande cha kioo, nikaisugua kwa mwendo wa namba nane mpaka uso wote ukang'aa sawasawa, nikaweka oringi mpya, nikakaza boliti mbili kwa zamu.

Nikapiga kiki. Sasa bila choki inashika silensa (kunguruma chini bila kuvuta mafuta), japo inapanda na kushuka yenyewe. Jeti bado ni zilezile.

Jumanne jioni: namba za jeti

Nimenunua pakiti ya jeti za bei nafuu: kubwa kuanzia 110 mpaka 128, ndogo kuanzia 35 mpaka 45. Sizipi imani yangu yote. Muhuri kwenye jeti za namna hii ni pendekezo. Mbili zenye 120 ukiziinua kwenye mwanga unaona kabisa tundu hazifanani.

Namba ya jeti za Keihin ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 118 ni milimita 1.18 na 40 ni milimita 0.40. Hiyo inatoa njia rahisi ya kukagua zile ndogo: nyaya za gitaa. Waya wa inchi 0.016 una unene wa milimita 0.41. Unatakiwa upite kwenye 42 na ukatae kwenye 40. Kati ya zangu, 42 ilipitisha, 40 ilikataa, 38 ilikataa. Ila ile ya 45 nayo ilikataa! Nimeitupa kwenye kopo la misumari. Waya uingizwe kwa mkono mwepesi, maana shaba ya jeti ni laini na ukilazimisha umeshatengeneza namba mpya.

Kwa zile kubwa nilitumia maji. Nilikata kitako cha chupa ya maji ya kunywa, nikaigeuza, nikaunga mpira wa nusu mita mdomoni, na jeti ikabanwa mwishoni mwa mpira. Unajaza mpaka alama, unaachia, unapima sekunde za maji kushuka mililita 200. Namba ya sekunde yenyewe si kitu. La muhimu ni jeti zote zipimwe kwa chupa ileile, alama ileile. Ya 118 ilichukua kama sekunde 80, ya 122 kama 75. Zikipangwa kwa sekunde, nyingi zimefuata mpangilio wa mihuri. Moja ya 120 ilikuwa inakimbia kuliko 122, nayo imeungana na ile 45 kwenye kopo. Ile 125 iliyokuja na kabureta ni 125 kweli.

Mke wangu ameuliza kwa nini jikoni kunanuka petroli wakati nimesema napima kwa maji. Sijajibu.

Alhamisi: floti

Fupi leo. Floti, yaani boya linalozuia petroli kikombe kikijaa, ikikaa juu, petroli kwenye kikombe inapanda na kila saketi (njia ya petroli ndani ya kabureta) inakuwa nzito, yaani petroli nyingi kuliko hewa. Ikikaa chini, kila saketi inakuwa nyepesi. Ndiyo maana inapimwa kabla ya jeti. Nimelaza kabureta kwa kuiinamisha mpaka ulimi wa floti ukagusa kile kipini chenye springi cha valvu bila kukibonyeza. Ukipindua kabureta yote, uzito wa floti unabonyeza springi na kipimo chako kinadanganya. Vibuyu viwili vya floti havikuwa kwenye kimo kimoja. Nilinyoosha mkono wake kidogo, nikarudia, sasa vyote viko sambamba na uso wa kikombe. Nimeifunga, nikafungua koki ya tangi, nikaiacha usiku kucha juu ya gazeti. Asubuhi gazeti kavu.

Jumamosi: silensa

Kazi ya leo ni mkono wa mafuta ukiwa umefungwa mpaka thumuni ya mwanzo. Hapo wanaotawala ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Jeti kubwa haina kauli kabisa katika eneo hili, na bado kila kijiwe utamkuta mtu anayebadilisha jeti kubwa kwa sababu pikipiki haishiki silensa.

Kwenye PWK skrubu ya hewa iko upande wa filta. Ukiifungua unaongeza hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ukiifunga unakuwa mzito. Zipo kabureta ambazo skrubu iko upande wa injini na inapitisha petroli, na hizo zinakwenda kinyume. Anayekuja kutoka kwenye aina hiyo anaweza kuhangaika siku nzima.

Injini ipate moto kwanza. Niliiendesha mpaka kwa muuza mahindi na kurudi. Kisha: pandisha silensa kidogo kwa skrubu ya slaidi, funga skrubu ya hewa taratibu mpaka mwisho bila kukaza, halafu ifungue robo robo huku unasikiliza. Mahali mlio unapokuwa wa juu na wa kunyooka zaidi, hapo ndipo. Rudisha silensa chini, sikiliza tena.

Kwa jeti ya 42, mlio uliendelea kupanda hata baada ya mizunguko miwili na nusu. Maana yake jeti ni kubwa mno: skrubu inamaliza safari yake yote ikijaribu kuongeza hewa ya kufidia. Niliweka 38. Sasa mlio mzuri ulikuja skrubu ikiwa karibu kufungwa, chini ya mzunguko mmoja, yaani jeti ni ndogo na skrubu inajaribu kuizibia hewa. Kwa 40 nilipata pazuri kwenye mzunguko mmoja na nusu. Hapo ndipo unapotaka kuwa, kwa sababu unabakiwa na nafasi ya kwenda pande zote mbili hali ya hewa ikibadilika.

Kipimo changu cha mwisho cha silensa si sikio. Vuta mafuta kidogo, achia ghafla, tazama inavyoshuka. Ikishuka mara moja na kukaa, sawa. Ikining'inia juu sekunde mbili tatu kabla ya kukubali kushuka, ni nyepesi au kuna hewa inaingia mahali. Ikishuka chini ya silensa na kutaka kuzima, kisha ikajiokoa, ni nzito. Yetu inashuka na kukaa.

Mpwa alikuwa amesimama pembeni muda wote huo na simu yake.

"Mjomba, sasa tukaijaribu?"

"Kajaribu kufagia vumbi la msasa kwanza."

Jumapili: sindano

Hapa ndipo penye utamu na penye maudhi.

Nilizungushia utepe mweupe kwenye mpira wa mkono wa mafuta na mwingine kwenye nyumba yake, nikachora mistari kwa kalamu ya wino: kufungwa, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Bila mistari hii mtu anasema "inamisi katikati" na hakuna anayejua katikati ni wapi. Ikimisi kwenye spidi fulani hujajua kitu. Ikimisi mkono ukiwa kwenye robo, gia yoyote, spidi yoyote, umeshajua ni sehemu gani ya kabureta inayolalamika.

Tulikwenda kwenye barabara ya vumbi upande wa Kisongo, ndefu na nyoofu, asubuhi kabla ng'ombe hawajatoka. Kati ya robo na robo tatu mwenye kauli ni sindano, na unaipandisha au kuishusha kwa klipu. Klipu ikienda mfereji wa juu, sindano inashuka na kubana petroli. Klipu ikienda mfereji wa chini, sindano inapanda na kuachia.

Mfereji wa katikati, nusu ya mkono, gia ya tatu: inavuta bila kukwaruza. Ila kutoka thumuni kwenda robo, ukifungua kwa ghafla, kule kukata kulikuwepo bado. Kumepungua tangu tuzibe manifoldi, lakini kupo, na kwenye matope au ukitaka kuinua gurudumu kuvuka gogo, hapo ndipo itakapokuangusha.

Swali ni kama inakata kwa njaa au kwa shibe, maana mlio unakaribiana. Njia ninayoiamini ni ya kufunga filta nusu kwa utepe na kurudia kitendo kilekile. Ikipata nafuu, ilikuwa na njaa: umepunguza hewa na mchanganyiko umekuwa mzito. Ikizidi kuwa mbaya, ilikuwa imeshiba. Yetu ilipata nafuu kubwa. Njaa.

Dawa ya kitabuni ni slaidi yenye mkato mdogo zaidi chini yake, kwa kuwa mkato ndio unaotawala eneo la thumuni hadi robo: mkato mkubwa hewa nyingi, mkato mdogo mvuto zaidi juu ya tundu la sindano. Slaidi hizo hapa mjini hazipatikani, na mkato hauwezi kupunguzwa kwa tupa. Tupa inaongeza tu. Kwa hiyo tukaenda njia ya sindano. Klipu mfereji mmoja chini: kukata kumekwisha, lakini sasa kwenye nusu ya mkono inabwabwaja, moshi kidogo, plagi imeanza kupata masizi. Tumeponya goti tukaumiza kiuno.

Kutoka mfereji mmoja kwenda mwingine ni kama milimita moja. Unachohitaji ni nusu yake. Nilirudisha klipu katikati na kuvika washa nyembamba ya nusu milimita chini yake, iliyotoka kwenye redio mbovu, ikainua sindano hiyo nusu. Ni washa ndogo, unaishika kwa kucha, na ikidondoka kwenye majani imekwenda. Kazi ifanyike juu ya kitambaa cheupe.

Kurudi barabarani. Kwenye nusu ni safi. Kufungua ghafla kutoka thumuni kuna kusita kudogo ikiwa unapanda kilima ukiwa gia ya nne, lakini kwa gia sahihi hakuna. Hayo mabaki ni kodi ya kabureta ya 28, na mwenye kabureta nimeshamwambia.

Jumamosi iliyofuata: jeti kubwa na plagi

Robo tatu mpaka mwisho. Jeti ya 125 tuliyoanza nayo ilikuwa inadunda juu: unafika mwisho wa mkono, mlio unakuwa wa kukatakata, spidi haipandi tena. PWK ina kizibo kikubwa chini ya kikombe, kwa hiyo jeti kubwa unaitoa bila kuvua kabureta. Funga koki, weka kopo chini, fungua kizibo, badilisha. Kwa kazi ya njiani hilo ni jambo la kushukuru.

Tulishuka 122, 120, 118, 115. Kila jeti ilipata mbio yake kamili na plagi yake safi. Plagi yenye masizi ya silensa haikuelezi chochote kuhusu mwisho wa mkono. Utaratibu: gia ya nne, mkono mpaka mwisho kwenye mwinuko mdogo ili injini ibebe mzigo, shikilia umbali wa kutosha, kisha kwa pamoja kamata klachi na ubonye swichi ya kuzimia. Usirudishe mafuta kwanza. Ukirudisha, sekunde hizo chache zinapaka rangi juu ya ushahidi. Tambaa mpaka usimame, toa plagi, itazame kivulini.

Petroli ya siku hizi isiyo na risasi haipaki plagi haraka, kwa hiyo usitegemee ile kahawia nzuri ya kwenye picha baada ya mbio moja. Ninachokitazama ni shina la kauri, kule ndani kabisa linapokutana na chuma. Pete nyembamba ya kijivu-kahawia pale chini ni dalili njema. Pete pana, nyeusi, inayopanda juu: nzito. Kauri nyeupe tupu mpaka chini: nyepesi, na kama kuna vijidoa vya kung'aa vya chuma, simama hapohapo, maana hizo ni punje za pistoni yako.

Kwa 115 pikipiki ilikimbia kwa raha kubwa kuliko zote. Mpwa alirudi anacheka. Plagi ilikuwa nyeupe. Nikamtuma tena na maelekezo: ukiwa mwisho wa mkono, rudisha kidogo tu, usikilize. Akarudi akasema inavuta zaidi ikirudishwa kuliko ikiwa wazi. Hiyo ni injini inayoomba petroli. Utamu wa 115 ni utamu wa dakika tano. Bloku mpya ya 62 ikipanda moto huko juu, tutakuwa tunatafuta pistoni.

"Lakini mjomba, imekimbia."

"Na homa nayo inapandisha mapigo ya moyo."

Kwa 118, pete ndogo chini, hakuna kudunda, ukirudisha mkono inashuka kwa unyenyekevu. Imebaki 118. Nimerudia silensa na nusu ya mkono baada ya hapo kwa sababu saketi hizi zinaingiliana kidogo kwenye mipaka. Havikusogea.

Tanga

Harusi ya upande wa shemeji ilitupeleka Tanga, na pikipiki ikapanda nyuma ya pikapu pamoja na masufuria. Nilikuwa nangoja nafasi hii. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huku juu ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Hata ukihesabu joto la Tanga, ambalo linapunguza uzito wa hewa, kule chini kila pumzi ya injini inabeba hewa zaidi kwa karibu asilimia 14 au 15.

Kabureta inaongeza petroli nayo, ila haiongezi sawa. Uzito wa hewa ukipanda kwa asilimia 15, petroli inayonyonywa inapanda kwa karibu asilimia 7 tu, kwa kuwa petroli inafuata kipeuo cha pili cha uzito huo na si uzito wenyewe. Kwa hiyo pikipiki iliyopimwa vizuri Arusha inafika Tanga ikiwa na upungufu wa petroli wa karibu asilimia 7. Ukichukua eneo la tundu la 118 na la 122, tofauti yake ni hiyohiyo asilimia 7. Nilifanya hesabu hii nyuma ya kadi ya mchango wa harusi na nilitaka kuona kama barabara itakubaliana nayo.

Tulipita Moshi, Same, Korogwe, Segera, Muheza. Asubuhi ya pili, watu wakiwa bado wamelala, tulikuwa kwenye njia ya shamba la mkonge, udongo mwekundu, nyoofu mpaka macho yachoke. Kwanza kwa jeti ya 118 bila kugusa chochote. Silensa iling'inia. Kule kukata kwa kufungua ghafla kumerudi, si kwa ukali wa mwanzo lakini kumerudi. Mwisho wa mkono inavuta kwa nguvu ambayo Arusha hatukuwahi kuiona, hewa ni nyingi jamani, lakini plagi ikatoka nyeupe na kichwa cha silinda kilikuwa na joto la kutisha kwa mbio fupi kiasi kile.

Tukaweka 122. Pete ikarudi chini ya kauri, nyembamba, kahawia. Skrubu ya hewa niliifunga robo mzunguko kutoka pale ilipokuwa na silensa ikaacha kuning'inia. Kwa sindano nilikuwa nimebeba washa ya pili. Nikaivika juu ya ya kwanza, kukata kukaisha. Nguvu yenyewe imebaki, na nadhani sasa naelewa kwa nini vijana wa pwani wanapokuja na mashine zao huku kwetu wanalaumu mafundi.

Kurudi Arusha ni kinyume chake: usipobadilisha, inakuwa nzito, inatoa moshi, inakula petroli, plagi inaziba. Haiui injini. Kushuka bila kubadilisha ndiko kunakoua. Kwa hiyo mpwa amepewa kikopo chenye jeti ya 118 na ya 122, washa mbili za akiba, spana ya kizibo na bisibisi fupi, na kimefungwa chini ya kiti kwa mpira wa tyubu.

Bado kuna vitu viwili. Ukiachia mafuta kwenye mteremko inapiga baruti kwenye ekzosi. Silensa ni sahihi na manifoldi haivuji, kwa hiyo namshuku gasketi wa ekzosi pale kwenye kichwa; nimeagiza wa shaba. Na kwa kuwa sasa inavuta, klachi imeanza kuteleza kwenye gia ya nne. Zile springi ni za injini ya cc 124. Wiki ijayo tunafungua upande wa kulia.